Naomba msaada: maneno ya Kizungu ya kuangamiza na kushindwa vibaya, nimeaibika mbele ya wageni

Mtembezi_wa_Amu
Assalam aleikum wanajukwaa. Mimi kijana wa Amu, yaani Lamu, kazi yangu kutembeza wageni, nawapokea hapo jeti nawazungusha mji kisha tunapanda boti mpaka Shela. Kizungu cha kuombea maji ninacho ila hiki cha historia ndicho kinachonitoa jasho. Wiki iliyopita nikajipa akili nikaandika karatasi ya ukurasa mmoja wageni wawe wanajisomea wenyewe, nikatoa kopi 15 kwa pesa yangu, sasa pale penye habari ya Wareno kuuangamiza mji wa Faza mwaka 1587 nikaandika "raised Faza to the ground" manake neno nililisikia kwa mgeni mmoja nikaliona tamu. Mama mmoja wa Kiingereza, mtu mzima kabisa, akasoma, akanitazama kwa huruma, akaniuliza kwani Wareno walikuja kuwajengea? Nikamwambia la hasha, waliua watu na minazi wakaikata. Akasema basi hapa umeandika waliunyanyua mji. Mumewe akacheka mpaka akashika nguzo ya jeti.

Tangu siku hiyo nimekimbilia "destroy". Faza destroyed, jeshi la miji ya Pate na Mombasa lililokuja kupigana na Amu kule Shela destroyed, timu ya mtaa ikifungwa mbili moja destroyed. Jana tena mgeni kaniuliza, ina maana Pate hakubaki mtu? Nikanyamaza. Kamusi nimefungua, kila neno limeandikwa "kuangamiza", nikaifunga. Nielezeni tofauti wenzangu, kesho kutwa nina kundi la watu wanane.

Pweza_Mkavu
Hahahaaa Wareno waliinyanyua Faza, yakhe hizo kopi zilizobaki usitupe niwekee moja niibandike ukutani

Mwl_Mstaafu
Wa aleikum salaam mwanangu. Usione haya, hilo kosa hata Waingereza wenyewe hulifanya kwa sababu ukiyatamka maneno hayo mawili husikii tofauti. Lako ni "raze", kwa z. Asili yake ni Kilatini, kukwangua, na ni ndugu wa "razor", wembe. Basi mji ukiwa "razed" umenyolewa, ukuta haukusimama. Kwa Faza linakaa vizuri sana. Lakini hunyolewa mji au jengo, watu hawawi "razed", usije ukajichanganya tena.

"Annihilate" ndani yake mna "nihil", yaani si kitu. Ni kumaliza asibaki hata mmoja, kwa hiyo ukilitumia uwe na hakika kweli hakubaki. "Obliterate" asili yake ni herufi, kufuta maandishi, ndiyo maana hutumika pale ambapo hata alama ya kuonyesha kwamba palikuwa na kitu haionekani. Mimi darasani nilikuwa naandika neno ubaoni halafu nalifuta kwa kitambaa kibichi, nawaambia haya someni. Hawakusahau.

Ama "destroy" si kosa, ila ni kama kumpikia mgeni wali mtupu. Unashibisha, hausifiwi.

Mtembezi_wa_Amu
Shukran sana mwalimu. Na Shela je? Pale ndipo wageni wanapouliza sana manake tunapita juu ya ule mchanga.

Nahodha_Mzee
Shela nijibu mimi. Hebu fikiria mambo yalivyokuwa, wale wa Mombasa na Pate walishuka pwani wakijua mji ni wao, wakatolewa mbio, kukimbilia vyombo vyao wakakuta maji yamekupwa, majahazi yamepwelewa, wapi pa kwenda hakuna. Wakauliwa hapo hapo mchangani. Neno lake ni "rout", litamke raut. Ni jeshi kuvunjika safu kila mtu akaokoa roho yake. Kuuliwa kwingi kulitokea lakini kilichowamaliza ni kukimbia ovyo na maji kuwasaliti. Ndiyo maana huwezi kusema Pate yote iliisha, Pate ilikuwepo baada ya hapo, ila nguvu zake zilivunjika na Amu ikaenda kwa Sayyid Said, mtawala wa Omani, kutaka ulinzi. Halafu wageni wa Ulaya waambie ilikuwa miaka michache tu kabla ya Napoleon kupigwa Waterloo mwaka 1815, watashika haraka.

Binti_Mkomani
Mbona hakuna aliyegusa "decimate", ndilo ninalolisikia kila siku kwenye habari

Mwl_Mstaafu
Hilo lina kisa. Warumi kikosi kikiasi au kikikimbia vita walikuwa wakiua mmoja katika kila 10, kwa kura, na wenzake ndio wanaomuua. "Decem" ni kumi. Kwa hiyo asili yake tisa wanabaki! Ukisema "totally decimated" mzee wa Kizungu atakunja uso.

Pweza_Mkavu
Mwalimu samahani hapo napinga, siku hizi wote wanasema decimated kumaanisha wameuliwa wengi, kamusi zenyewe zimekubali, lugha si ya Warumi tena

Mwl_Mstaafu
Wengi sawa. Wote siyo. Na nyumba haiwi "decimated", utaua moja ya kumi ya ukuta?

Shabiki_wa_Malindi
Upande wa mpira niachieni mimi. "Thrash" ni pacha wa "thresh", kupura nafaka, yaani umepigwa kama mtama mpaka punje zikatoka. Ujerumani na Brazil 2014, saba moja tena Brazil wakiwa kwao, hiyo ndiyo thrashing, mbili moja ni kufungwa tu usimuongezee mtu chumvi. Kuna "drubbing", hii kamusi zinasema huenda ilitoka Kiarabu, kule kule ilikotoka dharuba yetu, kwa hiyo mtu wa pwani hana sababu ya kuisahau. Na "whitewash" ni kupaka chokaa, timu mmecheza mechi zote za mfululizo hamkushinda hata moja, mmepakwa nyeupe kama ukuta wa msikiti.

Alafu tafadhali, ukileta wageni huku kwetu usiwaambie Gede, ule mji wa magofu, was destroyed. Gede watu walihama wakauacha, msitu ukaingia. Sema "abandoned" basi. Nimechoka kuwasahihisha.

Mtembezi_wa_Amu
Allah awalipe. Nimeandika upya, niangalizieni: "Faza was razed in 1587. At Shela the men of Mombasa and Pate was routed when the tide left their boats on the sand."

Binti_Mkomani
"were routed", watu wengi hao. Na toa kopi moja kwanza usome, sio 15 tena.