Mbegu za pilipili zilizogeuzwa kwa kemikali: ziandikwe kwenye pakiti au la?

Kitalu_Kibichi: Wakuu, watafiti wanaloweka mbegu za pilipili kwenye EMS au sodiamu azaidi, kemikali za kuvuruga vinasaba, ili wapate mimea mifupi inayozaa sana. Azaidi ni sumu kali. Mbegu za ukoo huo zikifika dukani, tuambiwe au tunyamaziwe?

Mama Hoho: Tuambiwe. Nina watoto mimi.

Chumvi: Mama, kemikali inagusa mbegu ya kwanza tu, nayo inaoshwa. Kizazi hicho ndicho kinachoumia: mbegu haioti vizuri, miche inadumaa, majani yanakunjamana, chavua nyingine haifai kitu. Dozi ikizidi, kitalu kinabaki udongo mtupu. Mimea ya maana inaanza kusakwa kizazi cha pili, ikipatikana inapandwa tena na tena. Hoho ya sokoni haijaonana na EMS. Wa kuogopa ni kijana wa maabara, maana ile EMS inashukiwa kuleta kansa. Halafu tuseme ukweli, mkulima wa kwetu hata lebo ya kiuatilifu hasomi.

Mtoto wa Lushoto: Hapo mwisho umenigusa. Mimi nasoma mpaka siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Wewe jembe umelishika lini?

Chumvi: Mkuu, sikukusema wewe.

Mtoto wa Lushoto: "Mkulima wa kwetu" ni nani basi, mjomba wako?

Mzee Pembejeo: Mwacheni mjomba wa watu apumzike. Kenya walitoa ngano ya Eldo Ngano 1 mwaka 2014, inahimili Ug99, ule ugonjwa wa kutu ya shina la ngano. Ilitokana na mionzi, na wakati huo GMO, yaani mazao yaliyobadilishwa vinasaba, zilikuwa marufuku kwao. Mbona hamkupiga kelele?

Mama Hoho: Mionzi si kemikali, baba.

Mzee Pembejeo: Vyote vinavuruga vinasaba kwa kubahatisha, mama. Mahakama ya Ulaya mwaka 2018 ilisema mimea ya namna hii ni GMO, ila mbinu za zamani zikasamehewa masharti kwa kuwa zimetumika miaka mingi bila madhara.

Mama Hoho: Kumbe ni GMO. Ahsante, umenimalizia kazi.

Mzee Pembejeo: Umesoma nusu ya sentensi!

Mtoto wa Lushoto: Mnabishania kemikali, sisi tunalizwa na mbegu feki. Msimu uliopita nilinunua pakiti ya hoho nyekundu, picha inameremeta, tarehe iko sawa. Shambani yakatoka mengine membamba kama kidole, mengine yanawasha mpaka masikio. Kumrudia muuzaji, ananiuliza kama nilimwagilia!

Kitalu_Kibichi: Pole sana mkuu, lakini mada ni mutajeni, hizo kemikali za kugeuza mbegu.

Mtoto wa Lushoto: Mada ni lebo. Soma kichwa cha uzi wako.

Chumvi: Ile stika ya TOSCI, wathibitishaji wa mbegu wa serikali, uliikwangua ukatuma namba kuhakiki?

Mtoto wa Lushoto: Yaani bado unaniuliza kama nasoma?