Udaktari chuo binafsi au uuguzi Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM)? Naomba ushauri, muda unakwisha

Mtoto_wa_Mzee: Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu wa kike kamaliza kidato cha sita, PCB (fizikia, kemia na baiolojia), kapata division two. Kachaguliwa sehemu mbili: udaktari kwenye chuo binafsi hapa Dar, ada milioni sita kwa mwaka, na uuguzi UDOM, ambako ada haifiki hata milioni mbili. Mzee alishastaafu, mama anauza vitumbua. Mkopo ameomba, majibu bado. Mngekuwa nyie mngeenda wapi? Usingizi sipati.

Mzee wa Boom: UDOM, sifikirii mara mbili. Udaktari ni miaka mitano, hiyo ni milioni 30 ya ada peke yake, hajala wala hajalala. Na msidhani bodi ya mikopo italipa chochote ambacho chuo kimeandika. Kila kozi ina kikomo chake cha ada, kinachozidi ni chenu.

Nesi wa Zamu: Mnauongelea uuguzi kama adhabu! Sisi tulisoma boom, ile hela ya kujikimu ya mkopo, ikiwa 7,500 kwa siku, maharage Jumatatu hadi Ijumaa, Jumamosi tunakumbuka kwamba tuna shangazi mjini. Leo ni 10,000 na watoto bado wanalia. Shangazi mwenyewe alikuja kugundua, akawa anasafiri kila wikiendi.

Mtumishi: Deni ni deni, vijana. Ukiajiriwa wanakukata asilimia 15 ya mshahara, na juu yake kuna ile 6 ya kulinda thamani ya mkopo. Muombeni Mungu awape njia nyingine.

Mzee wa Boom: Mtumishi, hiyo 6 ilifutwa 2021. Tuombee, ila soma na habari.

Dada Hesabu: Kaka, swali moja. Aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja hutumiwa namba ya siri ili athibitishe anakokwenda. Mmeshathibitisha?

Mtoto_wa_Mzee: Hilo siyo mada dada yangu. Nauliza chuo kipi bora.

Dada Hesabu: Ndiyo mada yenyewe. Mmethibitisha wapi?

Mtoto_wa_Mzee: Sawa. Tulithibitisha udaktari wiki iliyopita, na sehemu ya ada nimeshalipa. Hela nilikopa kikoba, nitarudisha nikiuza kiwanja cha mzee cha Chanika. Mzee hajaambiwa bado, ila kiwanja kimekaa tu, majani yamefika kiunoni. Huyu binti anataka udaktari tangu darasa la nne, ningemwambia nini? Na mkopo ukitoka mambo yatakaa sawa.

Dada Hesabu: Na usipotoka? Au ukitoka nusu? Uthibitisho unafutika kabla dirisha halijafungwa, ingieni kesho asubuhi. Ya kikoba mtajua mbele.

Nesi wa Zamu: Na cheti cha kuzaliwa cha kuombea mkopo kimehakikiwa RITA, wale wa kusajili vizazi? Mpwa wangu alikwama hapo hapo, mama yake alizunguka mpaka viatu vikaisha. Tena viatu vyenyewe vilikuwa vyangu.

Mtoto_wa_Mzee: Kimehakikiwa. Lakini kufuta sasa hivi... Ameshaaga kanisani kwamba anakwenda kuwa daktari.

Kamanda Kizito: Wadau, subirini kwanza. Nimepitia nyuzi zake za nyuma. Mwezi wa sita alikuwa anauza kiwanja Chanika, "bei ya kutupa, mwenye nacho ana shida ya haraka". Hakupata mteja. Leo kiwanja kilekile kimeota mdogo wa kike mwenye division two. Hili ni tangazo la biashara!

Mzee wa Boom: 😂😂 Nilishaanza kumhurumia.

Mtoto_wa_Mzee: Tangazo gani? Mtihani aliumaliza mwezi wa tano, nikaanza kujipanga mapema. Kujipanga ni kosa?

Dada Hesabu: Ulijipanga kwa ada ya udaktari kabla hata matokeo hayajatoka? Basi hukuja kuuliza, ulikuja kutafuta wa kukuunga mkono.

Mtumishi: Tusimhukumu. Mzee wake ajulishwe kwanza, baraka za mzazi ni muhimu.

Kamanda Kizito: Mzee yupi? Huenda naye ni wa kutunga.

Fundi Bomba: Samahani nimechelewa. Kina hati au ni karatasi ya serikali ya mtaa?

Mtoto_wa_Mzee: Njoo inboksi.