Geji ya mafuta inapodanganya kwenye gari la zamani: tupeane uzoefu

Mpwani wa Bamburi
Ndugu zangu wenye magari ya miaka ya 1990 kurudi nyuma, hebu tuelezane. Corolla yangu ya 1994 mshale wa mafuta uliganda robo: nikijaza haupandi, nikitumia haushuki. Gari likikuzimikia daraja la Nyali jioni, unawatesa wote walio nyuma yako.

Fundi wa kwanza alitaka tununue sensa, kile kifaa cha tangini kinachopima mafuta, papo hapo. Mzee mmoja wa Majengo akasema tupime kwanza. Tangi likiwa bado limefungwa, alichomoa soketi chini ya kiti cha nyuma, akafungua swichi, akaunganisha waya wa geji na bodi ya gari kupitia balbu ndogo. Mshale ukapanda. Basi geji nzima, waya wa dashbodi mzima, ubovu uko tangini.

Sensa ilipotoka, floti (boya linaloelea juu ya mafuta) ilikuwa salama, ila ile njia ya kaboni imelika. Floti ikipanda na kushuka, kidole cha chuma huteleza juu ya njia hiyo na kubadilisha ukinzani wa umeme. Geji husoma ukinzani huo tu, haioni mafuta.

Dereva wa Likoni
Shukran kaka. Yangu ni Land Rover Series III, na sensa haikuwa na neno. Waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye chuma cha gari, ulioza kwa kutu. Hewa yetu ya chumvi haisamehi. Tulisugua kwa msasa hadi chuma king'ae, tukavuta waya mpya mpaka kwenye chesisi. Na geji ya joto ikidanganya pamoja na ya mafuta, msiguse tangi. Nyuma ya dashbodi kuna kifaa kidogo kinachoshusha umeme hadi wastani wa volti 10. Anzeni nacho.

Mama Shani
Jamani, angalieni sensa za mtumba! Niliuziwa ya gari jingine, ikaingia vizuri kabisa, lakini tangi limejaa geji inasema nusu. Toyota nyingi za zamani, tangi likijaa ukinzani huwa omu (kipimo cha ukinzani) chache, likiwa tupu hufika kama 110. Magari mengi ya zamani ya GM (General Motors ya Marekani) ni kinyume: 0 ni tupu, 90 ni kujaa. Siku hizi silipi kabla ya kuinua floti kwa mkono huku mita ya umeme imeshikizwa. Namba zibadilike taratibu, zikiruka, nairudisha.

Mpwani wa Bamburi
Kweli dada. Na kwa anayefungua mwenyewe, nakuombeni sana: mafuta yawe kidogo, fanyeni mahali pa wazi, waya hasi wa betri utoke, sigara na jiko viwe mbali. Mvuke wa petroli ndio unaolipuka. Panguseni mchanga juu ya kifuniko kabla ya kukifungua, usije ukaingia tangini na kuziba chujio. Gasketi iwe mpya. Silikoni ya kawaida petroli huila.

Kijana wa Changamwe
Floti za shaba nazo hutoboka. Itikiseni: mkisikia petroli ndani, imekwisha. Msikubali fundi aichomee risasi ikiwa na mafuta ndani, inaweza kumlipukia usoni. Mpya si ghali.