Tupeane uzoefu: hoteli za bangili, kila kitu ndani, au kujitafutia mwenyewe?

Mleta mada

Wakuu habari za jioni. Desemba nataka kuipeleka familia Zanzibar, mimi, mama watoto, watoto watatu na mama mkwe, na humu ndani tumeshagawanyika kambi mbili. Mama watoto anataka zile hoteli za kule Kiwengwa, ukifika unafungwa bangili mkononi basi mpaka unaondoka hugusi waleti, kula kunywa kulala bwawa vyote vimo kwenye bei. Mimi nataka tupande boti, tufikie nyumba ya kupanga, tule Forodhani pale kwenye vyakula vya usiku mjini, tupande daladala, tuzunguke. Yeye anasema nataka kuwatesa watu likizo, mimi nasema yeye anataka kuvuka bahari akakae ndani ya geti. Sasa nauliza waliokwenda wenyewe, sio waliosikia kwa shemeji. Mlienda kwa njia ipi, kipi kiliwauma, kipi mngerudia. Wa "inategemea na mfuko wako mkuu" naomba wapite tu, hilo nalijua.

Mama Mapacha

Kaka msikilize mkeo. Mimi nimeshaenda kwa njia zote mbili na wanangu, kwa hiyo hapa naongea kwa risiti. Tulivyofikia gesti Paje tulikuta kulala ni bei poa kweli, chai ya asubuhi imo, nikajiona mjanja. Sasa watoto wakiwa baharini wanakula mfululizo, saa nne chipsi, saa sita chakula, saa tisa juisi, saa kumi na moja "mama njaa", na kila ukikaa kwenye mgahawa wa ufukweni soda moja inauzwa bei ya kreti nusu dukani kwetu, maji hivyo hivyo, pizza ndio usiseme, af dakika arobaini unasubiri huku mmoja analia. Baba yao alianza kununa siku ya pili tu, kila bili ikija anaisoma kama hati ya mashtaka.

Kwenye hoteli ya bangili hakuna kununa. Mtoto ameacha sahani nusu, sawa. Anataka aiskrimu kabla ya chakula, sawa, likizo. Kuna dada wa kuwachezesha wadogo mchana na mimi nikalala usingizi wa mchana, kitu ambacho sijakifanya toka nijifungue. Hesabu niliyoipiga mwenyewe ni hivi: chukua bei ya kulala na chai, ongeza milo miwili kwa kila kichwa kwa bei za ufukweni, ongeza maji, soda, bodaboda na teksi. Mkiwa wawili bila mtoto kujitafutia mnaokoa pesa ya maana. Mkiwa na watoto watatu tofauti inabaki ndogo sana na uchovu wote ni wa mama.

Ila baya lake nalo nitasema. Safari za nje zile za kwenda kisiwa cha Mnemba au msitu wa Jozani ukizinunua pale mapokezi ya hoteli unapigwa, na kwa vile umejifungia ndani hujui bei ya nje ni ngapi.

Fundi Bafe

Nimefanya kazi ya uhudumu kwenye hoteli ya aina hiyo mwambao wa mashariki, sitaitaja. Ngoja niwape ya jikoni maana wateja wengi hawajui wanachonunua.

Kwanza "kila kitu ndani" sio kila kitu. Bangili zina rangi, na rangi ndiyo inamwambia mtu wa baa akumiminie nini. Ya kawaida ni bia za hapa nyumbani, pombe kali za hapa, waini ya kumwaga kwenye bomba, soda, juisi ya kuchanganya na maji. Ukiomba chupa yenye jina kubwa unaambiwa hiyo ni ya kulipia. Kamba kochi wale wakubwa, kulipia. Kahawa ya mashine kuna sehemu mpaka saa fulani tu. Baa inafunga saa tano au sita usiku. Mara kibao nimemuona mzee mzima anagombana na kijana wa baa kwa sababu aliambiwa "bure" na aliyemuuzia, wakati kwenye karatasi imeandikwa wazi. Omba hiyo karatasi kabla hujalipa, isome.

Pili bafe. Bafe ni hesabu. Unapoingia unakutana kwanza na mikate, saladi, tambi, wali, viazi. Samaki na nyama viko mwisho na kuna mtu amesimama na koleo anakuwekea yeye, kipande kimoja kimoja kwa tabasamu. Hakatazi kurudi, ila watu wengi wanaona aibu kurudi mara ya tatu na sahani imeshajaa wali. Tuliokuwa tunakula sisi wenyewe tulikuwa tunaanzia mwisho wa meza kurudi mwanzo, basi fanyeni hivyo. Na menyu inazunguka, kwa hiyo mkikaa muda mrefu mtaona Jumanne imerudi.

Tatu, na hili ndilo linaloniuma mimi, pesa haitoki nje ya ukuta. Mgeni ameshalipa kwao huko kabla hajapanda ndege, akifika ana kila kitu, kwa nini atoke kwenda kula kwa mama ntilie wa kijijini? Nje ya geti kulikuwa na vijana wamefungua kibanda cha ngisi na pweza wa kuchoma, kitamu kushinda jikoni kwetu naapa, walikuwa wanakaa mpaka jioni wanatuuzia sisi wafanyakazi. Hawakumaliza msimu.

Ila niseme pia hoteli hizo hizo ndizo zilizonipa mshahara wa kila mwezi na chakula na Kiitaliano ninachokitumia hadi leo. Sijui nisimame upande gani, mnaochagua ni nyie.

Bwana Wikiendi

Mimi nilienda nikavaa ile bangili hadi wiki mbili baadaye ofisini ili watu wajue nilikuwa wapi. Uzoefu wangu ndio huo 😂

Msee wa Syokimau

Niaje majirani. Huku kwetu Kenya hii debate iko kila Disemba pia, juu ya Diani, ufukwe wa kusini mwa Mombasa. Sisi watu wa Nairobi tunachukua SGR, ile treni ya Mombasa, ekonomi ni 1,500 za Kenya tangu wapandishe mwaka 2024, ukiteremka Mombasa unaingia mjini, unavuka Likoni kwa feri bure kama uko kwa miguu, halafu matatu ya Ukunda na tuktuk mpaka kwa nyumba. Hoteli ya kila kitu ndani nilienda mara moja kazi ilipotulipia, chakula iko, kuogelea iko, watu wa kucheza ngoma usiku wako, lakini nilihisi niko kwa retreat ya kampuni hata kama bosi hakuwa.

Siku hizi tunajikusanya familia tatu tunakodi kotegi yenye inakuja na mpishi. Hii watu wa Tanzania sijui kama mnafanya sana lakini jaribuni. Mpishi ni mtu wa hapo, asubuhi mvuvi anapita na baiskeli, changu na tafi wamening'inia, mnakubaliana bei mlangoni, mpishi anatoa magamba hapo hapo kwa sinki ya nje, mchana mnakula wali wa nazi na samaki wa kupaka. Gharama ya mtu mmoja inakuwa chini sana na mama yenu hapiki. Shida yake ni moja, lazima mkubaliane na hao watu wengine nani analipa nini kabla ya kutoka Nairobi. Tuliwahi kukosana juu ya mkaa, mkaa tu, na hadi leo kuna bibi ya mtu hatusalimiani vizuri.

Na ukitaka hoteli kubwa, enda Mei. Mvua iko lakini bei inashuka mpaka unashangaa.

Mzenji Halisi

Assalaam aleikum. Nyie wabara mnalijadili suala la pesa na bahari yenyewe hamjaiuliza. Mleta mada nikwambie mambo mawili kabla hujalipa popote.

La kwanza maji. Pwani ya mashariki yote, Kiwengwa, Matemwe, Uroa, Paje, Jambiani, maji yanapotoka yanatoka kwelikweli, unaweza kutembea mpaka karibu na mwamba viatu mkononi, bahari huioni imekwenda wapi. Wakati wa bamvua, yaani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, tafauti ya maji kujaa na kupwa inafika kama mita nne. Mgeni anafika kalipia hoteli ya bei, anafungua pazia anaona mchanga na vijiti vya mwani, anadhani katapeliwa. Ndio maana hoteli za huko zote zina bwawa kubwa, bwawa lile si urembo. Nungwi na Kendwa kule kaskazini ndiko unakokoga saa yoyote, maji hayendi mbali. Kwa hivyo ukijipangia mwenyewe na watoto wanataka bahari, kaa kaskazini, gari la 116 linakufikisha mpaka Nungwi. Ukitaka mashariki bila ya bwawa, ujue utakuwa mtu wa kufuata maji.

La pili mwezi. Hapa Ramadhani mchana migahawa mingi ya mjini na vijijini imefungwa, na mtu kula hadharani ni makosa, anaweza kukamatwa. Aliyejitafutia anahangaika na mtoto mdogo ana njaa saa saba mchana, kila mlango umefungwa, na sisi hatumchukii lakini ndio desturi ya nchi. Aliye hotelini hajui hata kama kuna mfungo, bafe lake liko pale pale. Ila huyo huyo wa hotelini anaikosa Forodhani baada ya futari, na mimi nadhani hasara yake ni kubwa zaidi. Wewe Desemba hiyo yako mwezi wa Ramadhani haupo, una bahati.

Mapapasi, wale vijana wanaowafuata wageni kuwauzia safari na vitu, watakufuata ukiwa nje, hilo kweli. Unasema "ahsante, mimi mwenyeji" unaendelea, husimami. Na mkitoka ufukweni kuingia kijijini jisitirini kidogo, mama mkwe atafurahi mwenyewe.

Bi Leicester

Niko Uingereza, nyumbani Tanga. Huku watu wa kipato chetu hizo hoteli ndizo likizo yenyewe, Uturuki, Antalya na pembeni pembeni pake, kwa sababu ndege, hoteli, chakula na basi la kutoka uwanjani unalipa kifurushi kimoja kwa awamu, na mara nyingi kinatoka rahisi kuliko kukaa mjini hapa hapa Uingereza. Halafu kuna suala la usalama wa pesa ambalo hakuna aliyeligusa. Kampuni ya safari ya Thomas Cook ilipofilisika Septemba 2019 serikali ilikodi ndege kuwarudisha watu karibu laki moja na nusu waliokuwa wamekwama nje, na waliokuwa na pakeji yenye ulinzi wa ATOL, mpango wa huku wa kulinda pesa za wasafiri, walirudishiwa pesa zao. Aliyenunua tiketi peke yake ilimbidi apambane na benki au bima yake. Kwa hiyo huku ninavyoona mimi pakeji ina kinga ambayo kujiunganishia vipande vipande hakuna. Nikija nyumbani silipi yote mapema hata iweje, kianzio tu, mengine nikifika nikakiona chumba.

Na mleta mada kwa vile umemtaja mama mkwe: mimi wangu nilimpeleka Alanya kwenye zile hoteli za halali, zina bwawa la wanawake tu, ukuta juu, simu unaacha mlangoni. Mama yule umri wote huo amekulia Pangani, bahari anaiangalia kwa mbali, hajawahi kuingia zaidi ya magoti. Siku ya kwanza alikaa pembeni na kanga yake, akatia mguu. Baadaye nageuka namkuta katikati ya maji ameshika ukingo anacheka peke yake, mtu hamuoni. Kujitafutia nyumba ya kupanga kusingenipa hiyo, sitadanganya.

Abu Salalah

Sisi tuliopo Muscat kiangazi tunakimbilia Salalah, kusini mwa Oman, wakati wa khareef, msimu wa mvua za huko, kuanzia mwishoni mwa Juni, manyunyu na ukungu, milima inakuwa kijani. Ni kama kilomita elfu moja kwa gari. Hoteli za kila kitu ndani zipo ila wanazijaza zaidi Wazungu msimu wa baridi kwao, sisi tunakodi fleti tunachukua sufuria zetu na mchele wetu. Familia ikiwa kubwa hoteli ni kujichosha, vyumba vinne, watu wamegawanyika ghorofa tofauti, hamuonani mpaka kwenye chakula.

Mleta mada

Wakuu nimesoma yote, mama watoto naye kasoma begani kwangu na kafurahia sana ya Mama Mapacha na ya mwisho wa Bi Leicester, mimi nimeshika ya Fundi Bafe. Kuna mdau kanifuata inbox anasema tulale kwanza Mji Mkongwe tuzunguke, halafu siku za mwisho ndio tuhamie hoteli, kwamba hapo watu wameshachoka kutembea na bangili inakuwa na maana. Mke kakubali kwa sharti hoteli iwe na bwawa. Nauliza tu Mzenji, tukiangukia siku za bamvua na tuko Jambiani, watoto waingie baharini saa ngapi?

Mzenji Halisi

Bamvua maji huku yanakauka kama saa nne asubuhi na yanajaa kama saa kumi alasiri, na kila siku yanachelewa kidogo, karibu dakika hamsini. Asubuhi mchukue mama mkwe mkatembee kwa akina mama wa mwani, wako kule chini wanafunga kamba zao, lakini msikanyage mistari yao. Watoto wakoge alasiri. Na Desemba hiyo kama hujaweka nafasi mpaka leo acha kuandika humu, piga simu.

Mama Mapacha

Na uliza kama mtoto chini ya miaka mingapi analala bure. Kila hoteli na yake, usikubali bei ya kwanza.