Faini za nyasi kavu Las Vegas: wenye nyumba tunalipishwa tusichodaiwa

Wakuu, salaam.

Huu uzi ni kwa wenye nyumba walioko kwenye ile mitaa mikubwa iliyopangwa kwa ramani moja jangwani, pembezoni mwa Las Vegas: ukuta wa rangi ya mchanga, geti, bwawa la pamoja, nyumba mamia zenye paa la aina moja. Na juu ya hizo nyumba zote kuna HOA, chama cha wenye nyumba, chenye bodi na kampuni ya usimamizi iliyoajiriwa kuzunguka na gari ikipiga picha bustani za watu.

Hasira yangu ni hii. Joto likipanda tu, barua zinamiminika: "Nyasi zako za mbele zimekauka", "Kichaka kimekufa, panda kingine", "Faini dola 100". Na watu wetu wanalipa! Mtu anatoa mia, wiki inayofuata mia nyingine, kwa sababu barua ina nembo na Kiingereza kizito. Nyingi ya barua hizo hazikufuata utaratibu wa sheria yenyewe ya jimbo letu la Nevada. Tunalipa kwa woga tu.

Tuanze na barua. Sheria inayoviongoza vyama hivi ni sura ya 116 ya sheria za jimbo, na faini ziko kifungu 116.31031. Kabla hujatozwa hata senti, ni lazima uwe umepewa taarifa ya maandishi inayoeleza kosa kwa undani, namna ya kulirekebisha, kiasi cha faini, pamoja na tarehe, saa na mahali pa kikao cha kusikilizwa. Kama kosa ni la kitu kinachoonekana, na nyasi zinaonekana, lazima iwepo picha iliyo wazi ya kosa lenyewe. Picha ya mtaa mzima iliyopigwa kutoka kwenye gari linalotembea, nyumba yako ikiwa kona ya kushoto, si picha iliyo wazi. Faini ya kawaida haizidi dola 100 kwa kosa, isipokuwa kosa linahatarisha afya au usalama wa watu. Kichaka kilichokauka hakihatarishi usalama wa mtu yeyote.

Sasa shikeni hapa, maana ndipo watu wanapoumia. Ukishatozwa faini halali na siku 14 zikapita hujarekebisha, kosa linahesabiwa kuwa linaendelea. Kuanzia hapo bodi inaweza kuongeza faini kwa kila siku 7, bila taarifa mpya na bila kikao kipya. Ndiyo maana kunyamaza ni hatari kuliko kubisha. Anayeitupa barua ya kwanza kwenye droo anakuja kushtuka deni limekua bila kusikilizwa tena. Jibu kwa maandishi siku ileile, omba kikao, nenda na picha zako zenye tarehe.

Na wale wanaotishwa kwamba nyumba itauzwa kwa ajili ya faini: chama hakiruhusiwi kuuza nyumba yako kwa sababu ya faini, ukiacha zile za kuhatarisha afya na usalama, na zile za kutofuata ratiba ya kumaliza ujenzi. Ada za kila mwezi ni jambo jingine kabisa. Ada usicheze nayo, kwa ada wanauza. Ukiwa na ugomvi wa faini, endelea kulipa ada na uandike wazi kwamba malipo haya ni ya ada.

Turudi kwenye nyasi zenyewe, maana barua nyingine ni ujinga mtupu. Nyasi za bermuda ndizo ukoka, huuhuu tunaoujua nyumbani. Baridi ya usiku ikianza kuuma unageuka rangi ya majani makavu na kulala mpaka majira ya kuchipua. Haukufa. Kumwandikia mtu barua Januari kwamba ukoka wake umekufa ni kutojua ukoka ni nini. Chimba kipande cha upana wa kiganja, shika kile kikonyo kinachotambaa, kikwaruze kwa ukucha. Ndani kukiwa kweupe na kugumu, uko hai. Kukiwa na rangi ya kahawia na kunavunjika kama kijiti cha kiberiti, hapo kweli umekufa. Piga picha ya kikonyo kilichokwaruzwa, peleka kikaoni.

Feski, aina nyingine ya nyasi za bustani, ni kinyume chake: inapenda baridi, na Julai inaungua. Hapa jiji lilifika nyuzi 48.9 za Selsiasi tarehe 7 Julai 2024. Na huwezi kuiokoa kwa kumwaga maji hovyo, kwa sababu Mei hadi Agosti ni marufuku kunyunyiza kuanzia saa 5 asubuhi hadi saa 1 jioni, na Jumapili ni marufuku mwaka mzima. Kwa wateja wa maji wa bonde la Las Vegas, ukipita galoni 28,000 kwa mwezi wa kiangazi kuna tozo ya dola 9 kwa kila galoni 1,000 za ziada. Kwa hiyo idara ya maji inakuadhibu ukimwagilia sana na chama kinakuadhibu nyasi zikikauka. Mwenye nyumba afanye nini?

Atoe nyasi. Na sheria iko upande wake: kifungu 116.330 kinakikataza chama kumzuia mwenye nyumba kuweka bustani inayostahimili ukame kwenye eneo lake. Wanachoweza kudai ni kuona mchoro kwanza na kutaka uendane na mtaa kadiri inavyowezekana. Hawawezi kukujibu "hapa tunataka nyasi." Mamlaka ya maji ya kusini mwa Nevada inalipa kwa kila futi ya mraba ya nyasi unayotoa, lakini hapa wengi wamepoteza pesa: USING'OE KWANZA. Omba kwanza, subiri waje wakague nyasi zikiwa bado zipo, ndipo ung'oe. Bustani mpya lazima mimea ikikomaa ifunike nusu ya eneo, kwa hiyo kumwaga kokoto tupu na cactus mbili hakukubaliki. Umwagiliaji uwe wa matone, wenye chujio na kipunguza presha.

Kinachoua vichaka vyetu ni mfumo wa matone wenyewe, na hili chama hakitaki kulisikia. Mjenzi anakabidhi nyumba kila mti ukiwa na kitoa matone kimoja kilichochomekwa shinani. Mti ukiwa mdogo unatosheka. Baada ya miaka mitatu mizizi inayonyonya inatakiwa iwe mbali, pale kivuli cha matawi kinapoishia, na maji bado yanadondokea shinani. Mizizi inabaki imejikunja palepale, halafu upepo wa mvua za Julai hadi Septemba unaulaza mti barabarani, na barua inakuja: "Ondoa mti." Sogeza matone hadi ukingo wa kivuli, weka vinne au sita kwa mti mkubwa, kisha ziba kile cha shinani.

Maji ya hapa yana chokaa nyingi. Kitoa matone kinaziba taratibu bila wewe kujua, kwa sababu kimefukiwa chini ya kokoto. Inua kokoto uone: ukikuta ganda jeupe kwenye tundu na udongo wa chini mkavu, ndiyo huyo. Kukiloweka kwenye siki usiku mmoja kunasaidia kidogo, kukibadilisha ni rahisi zaidi na bei yake ni senti tu. Kila miezi sita fungua kifuniko cha mwisho wa mpira, acha maji yatoke mpaka yawe safi, na osha chujio. Presha iwe paundi 25 hadi 30 kwa inchi ya mraba. Ikizidi, vitoa matone vinachomoka vyenyewe na mto mdogo unatiririka hadi barabarani, na hapo unapata faini ya pili, ya kupoteza maji.

Ukichimba ukagonga kitu kama zege, hiyo ni kaliche, tabaka la chokaa lililoganda. Usipande juu yake. Livunje kwa sururu mpaka shimo lililojazwa maji liweze kuyanywa, la sivyo mmea utazama kwenye bakuli na kuoza huku juu ukionekana umekauka kwa kiu.

Wanaotaka kununua sasa hivi, ulizeni mambo mawili: kama kuna vyama viwili, kikuu na kidogo, maana ni ada mbili, na kama nyumba ina deni la wilaya maalumu ya maendeleo, lile la kulipia barabara na mabomba, ambalo halimo kwenye ada. Ukinunua nyumba kwa aliyekuwa akiishi humo, ukishapokea kifurushi cha nyaraka za chama una siku tano za kuvunja mkataba. Kisome siku ya kwanza.

Kwa waliokwisha kutozwa kinyume cha utaratibu: andika barua kwa bodi, itume kwa posta yenye risiti ya kupokelewa (certified mail), eleza kifungu kilichovunjwa na unachotaka warekebishe. Subiri siku 10 za kazi. Wasiporekebisha, jaza hati ya kiapo upeleke kwa msuluhishi wa wenye nyumba katika idara ya nyumba na ardhi ya jimbo. Una mwaka mmoja tu tangu ulipogundua kosa, kwa hiyo barua za kiangazi kilichopita zitoeni kwenye droo leo.

Mwenye barua iliyokuja bila picha au bila tarehe ya kikao aiweke hapa chini, afute jina na namba ya nyumba kwanza. Tutaipitia mstari kwa mstari.