Mbunge akiugua, wapiga kura wake waelezwe nini?

Katibu wa kamati ya maji:

Kwa miezi saba, kila tulipofika ofisi ya mbunge wetu tulipata jibu moja: mheshimiwa yuko safarini. Tulikuwa na barua ya kisima iliyohitaji msukumo wake wizarani. Tuliiacha mezani mara tatu. Mara ya nne karani alituomba tusirudi mpaka tuitwe.

Kisha, kwenye mazishi ya mzee mmoja wa kijiji jirani, msaidizi wake alishika kipaza sauti akatusomea ujumbe wa ukurasa mmoja. Mheshimiwa alitusalimu, akatushukuru kwa maombi yetu (wengi wetu ndipo tulipojua kwamba alikuwa amelazwa), akamsifu kiongozi wa chama chake, akasema anarudi na atatetea kiti chake 2027. Makofi yakapigwa. Nami nilipiga, kwa sababu ni mtu tunayempenda na nilifurahi kusikia yu hai. Lakini njiani nilijaribu kukumbuka kila alichosema, na sikupata mahali palipogusa kazi. Miezi hiyo yote nani alikuwa akisimama kwa niaba yetu? Barua zetu zilisomwa na nani?

Nimeirudia Katiba ya Kenya ya 2010 nikitafuta jibu. Kifungu cha 103 kinasema mbunge hupoteza kiti akikosa vikao vinane vya Bunge katika kipindi kimoja cha vikao bila ruhusa ya maandishi ya Spika na bila maelezo ya kuridhisha. Kwa hiyo mgonjwa anayetaka kulinda kiti chake atamwandikia Spika. Sisi tuliopanga foleni tangu alfajiri siku ya kura, kifungu hicho hakitutaji.

Msimamo wangu ni huu: jina la ugonjwa ni siri yake, lakini kukosekana kwake kazini kunatuhusu. Na atueleze mapema, si matangani. Anayenipinga anipinge kwa hoja.

Kijana wa bodaboda:

Nakupinga, Mzee Katibu, kwa kuwa umekuwa mpole mno. Mshahara wake unatoka kwa kodi, hata ya mafuta ninayotia kila asubuhi. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kama ana ugonjwa utakaomweka kitandani miaka miwili, nataka kuujua kwa jina, ili 2027 nikishika karatasi ya kura nijue ninamchagua nani. Mara ngapi tumeambiwa kiongozi ana homa kidogo tu? Halafu tangazo la kifo linasema "baada ya kuugua kwa muda mfupi", na siku ya mazishi familia inasimulia miaka ya matibabu.

Muuguzi mstaafu:

Mwanangu, habari za mtu zilizo kwenye faili ya hospitali si mali ya serikali. Kifungu cha 31 kinalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti. Hata mbunge ni mgonjwa akishavua koti.

Nitakwambia nilichokiona wodini. Mtu mwenye cheo akiogopa kwamba ugonjwa wake utatangazwa, huchelewa kwenda kupimwa. Anakuja usiku, anatumia jina la ndugu yake, au anakuja wakati dawa haina tena la kufanya. Mkilazimisha viongozi kutaja maradhi yao, mtapata viongozi wasiokwenda hospitali.

Lakini mtu akichagua mwenyewe kusema, hilo ni jambo jingine kabisa. Mkumbukeni Ken Okoth, mbunge wa Kibra. Mwaka 2019 alisema hadharani kwamba ana saratani ya utumbo mpana iliyofika hatua ya nne. Alifariki Julai 26 mwaka huohuo, na siku tatu baadaye Joyce Laboso, gavana wa Bomet, naye akafa kwa saratani. Mapema mwezi huo tulikuwa tumempoteza Bob Collymore, mkuu wa kampuni ya simu ya Safaricom, kwa saratani ya damu. Wiki hizo akina mama wa mtaani kwangu, ambao siku zote huuita "ule ugonjwa", walinisimamisha njiani kuniuliza wapi pa kupimwa. Maneno ya Okoth yalikuwa na uzito kwa sababu hakuna aliyemnyang'anya siri yake. Aliitoa mwenyewe.

Mama aliyewahi kugombea udiwani:

Nimewasoma wote watatu, na naona mnazungumza kana kwamba kusema ukweli kunamgharimu kila mtu sawasawa.

Nilipogombea wadi yetu nilikuwa na mimba ya miezi minne. Niliwaambia watu waziwazi, maana nilitaka wanijue nilivyo. Mpinzani wangu hakunitukana hata siku moja. Alisimama tu jukwaani akasema, "Mama yetu apumzike." Kila kijiji nilichoingia baada ya hapo, neno hilo lilikuwa limenitangulia. Nilishindwa. Siwezi kusema ni kwa hilo peke yake, lakini sijalisahau.

Hata waliofika Bungeni halijawaacha. Agosti 7, 2019, Zuleikha Hassan, Mwakilishi wa Wanawake wa Kwale, alitolewa ukumbini kwa sababu aliingia na mtoto wake wa miezi mitano. Alikuwa amekuja kazini! Mwanamume akisema alikuwa mgonjwa, anaombewa na kupigiwa makofi. Mwanamke akisema amejifungua au anaumwa, swali linalofuata ni kama kweli ataweza. Sheria ya kulazimisha watu kujieleza itatuumiza sisi kwanza.

Katibu wa kamati ya maji:

Mama, nilikuwa nimeandika rasimu ya barua kwa mheshimiwa nikimtaka aeleze "sababu ya kutokuwepo". Baada ya kukusoma nimelifuta neno sababu. Sababu ndiyo inayogeuzwa fimbo.

Kijana, hata ukiujua ugonjwa kwa jina, bado hujajua kisima kitachimbwa lini. Kiini cha shida yetu kiko kwingine. Mwaka 1998 waziri mkuu wa Norway, Kjell Magne Bondevik, alitangaza kwamba ana sonona na anahitaji kupumzika. Alikaa nje wiki tatu na kidogo, akarudi kazini, na 2001 akawa waziri mkuu tena. Watu husifu ujasiri wake, na ni kweli alikuwa jasiri. Mimi naangalia jambo moja zaidi: wiki hizo Anne Enger Lahnstein alikaimu nafasi yake, na kila mtu alijua. Huko hata mbunge wa kawaida ana mbadala aliyepatikana kwa uchaguzi uleule, anayeingia Bungeni mbunge huyo akiwa likizo.

Kwetu mbunge hana mbadala. Akilazwa, kiti kinabaki kitupu mpaka apone, na akifa tunangoja uchaguzi mdogo. Watu wa jimbo la Banissa walimpoteza mbunge wao Machi 2023, na hawakupiga kura ya kumpata mwingine mpaka Novemba 27, 2025, kwa kuwa sehemu kubwa ya muda huo tume ya uchaguzi, IEBC, haikuwa na makamishna. Miaka miwili na miezi minane! Wakati kiti kinaweza kukaa kitupu namna hiyo, maswali ya nani anashika kazi si udaku.

Kijana wa bodaboda:

Hilo la Banissa limenigonga. Haya, jina la ugonjwa abaki nalo. Lakini asipojua atarudi lini, atatuambia nini?

Muuguzi mstaafu:

Aseme hajui. Madaktari wenyewe husema hivyo kila siku, na mgonjwa huwaamini zaidi kuliko anayemdanganya. Aseme, "Sijui, nitawapa habari tena baada ya miezi miwili," kisha miezi miwili ikifika aseme.

Kijana wa bodaboda:

Na yale ya kutetea kiti 2027? Yametafuta nini kwenye ujumbe wa mgonjwa?

Mama aliyewahi kugombea udiwani:

Ana haki ya kugombea, na ana haki ya kusema hivyo. Ila atenge siku yake. Aliyefiwa hakuja kaburini kusikiliza kampeni.

Katibu wa kamati ya maji:

Basi barua itamwomba mambo haya: atutajie mtu ofisini anayeshika kazi akiwa hayupo, mwenye mamlaka ya kupokea barua na kujibu, atupe tarehe ya taarifa inayofuata, hata kama taarifa yenyewe itakuwa "bado", na taarifa hiyo isomwe kwenye baraza la chifu, ambako mtu anaweza kunyoosha mkono akauliza. Habari za mwili wake hatuziombi. Muuguzi ameniongezea mstari wa kumtakia afya njema, nami nimeuweka juu kabisa, kwa sababu tunamtakia kweli.

Mama ameshatia sahihi. Barua inaondoka Jumatatu.

Kijana wa bodaboda:

Ongezeni na barua ya kisima, ile mliyoiacha mara tatu. Mkiiambatisha, nitatia sahihi na nitaipeleka mwenyewe, na sitaondoka pale mlangoni bila nakala iliyogongwa muhuri.