Mpishi mkuu anamsumbua mhudumu, bosi anasema wayamalize wenyewe. Nifanyeje?

Wakuu, habari za jioni. Nasimamia hoteli ya watalii hapa Arusha, tuko kama thelathini. Juzi mhudumu mmoja wa kike alinifuata stoo akanionyesha simu. Mpishi mkuu anamtumia meseji saa sita usiku: "Endelea kuringa, utaozea zamu ya usiku." Nikafungua rosta. Kweli, binti kapangwa kufunga jiko karibu kila siku, na anayefunga naye ni huyo huyo mpishi. Rosta ya jikoni anaipanga mwenyewe.

Mwenye hoteli kanijibu: "Wakalishe chini wayamalize. Msimu ndio huu, mpishi nitampata wapi?" Mpishi ni shemeji yake. Nafikiria kumhamishia binti mapokezi kimya kimya. Naombeni ushauri.

Mama Zamu: Mapokezi? Kwani binti kakosa nini? Ukimwondoa yeye, wenzake watajifunza kwamba ukisema, unahamishwa. Mnyang'anye mpishi rosta leo, upange wewe. Hilo halihitaji ruhusa ya shemeji wa mtu.

Karani Mstaafu: Mkuu, kukalishana chini ni kwa waliogombania zamu ya Sikukuu. Hapa mmoja ana rungu, mwingine hana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inauhesabu unyanyasaji wa namna hii kuwa ubaguzi. Binti aandike maelezo, tarehe na sahihi, na meseji zitunzwe. Mpishi apewe barua ya tuhuma, kisha kwa kawaida muda usiopungua saa 48 wa kujiandaa, na aruhusiwe kuja na mfanyakazi mwenzake au mtu wa chama cha wafanyakazi. Ukimsimamisha kupisha uchunguzi, mshahara wake alipwe wote. Msimfukuze kwa hasira, atawabwaga CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoamua migogoro ya kazi) kwa utaratibu tu hata kama kosa kalifanya.

Kijana wa Unga Limited: Na meseji zikiwa za kutengenezwa?

Karani Mstaafu: Ndiyo kazi ya kikao hiyo, ataulizwa na atajibu.

Mleta mada: Bosi akigoma kuhusu barua?

Karani Mstaafu: Mwandikie, usimpigie simu. Mweleze ulichoambiwa, lini, na unachopendekeza. Mkumbushe pia kwamba unyanyasaji wa kingono ni jinai, Kanuni ya Adhabu kifungu cha 138D. Mabosi wengi hubadilika wakiona jina lao kwenye maandishi.

Mtu wa Nyali: Huku Kenya mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi lazima awe na sera kuhusu unyanyasaji wa kingono, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 6. Yetu ilibandikwa ukutani ikapauka, hakuna aliyelalamika. Mambo yalibadilika tulipoongeza mpokeaji wa pili wa malalamiko, mama wa dobi. Wasichana walikuwa hawaendi kwa meneja mwanamume, na siwalaumu.

Mleta mada: Rosta nimeichukua. Mpishi kashaanza kuuliza nani kasema.

Mama Zamu: Usimjibu nje ya barua, na mwambie kwa maandishi asimsogelee binti wala kumtumia meseji. Halafu muulize binti mwenyewe zamu anayoitaka, usimchagulie.